Wiki Nane kwa Mama, Sita Mitaani

Kilebu wa Maltese anayetengwa na mama yake akiwa na wiki tano, kisha akafungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa huko Ruiru hadi atimize miezi minne, amekosewa mara mbili. Alitolewa mapema mahali alipopaswa kukaa, halafu akakalishwa wakati alipopaswa kutoka. Makosa hayo mawili, kwa maoni yangu, ndiyo yanayowaleta wengi wa vilebu ninaowapokea, nikiwa daktari wa mifugo, mezani: yule anayetetemeka bila homa, yule anayehara damu siku chache tu baada ya kununuliwa, na yule wa mwaka mmoja anayemrukia kila mgeni visigino. Wenye mbwa huniuliza kuhusu chakula, shampuu na mchanganyiko wa damu. Mimi huanza kwa kuuliza ana wiki ngapi. Msimamo wangu ni kwamba wiki nane za mwanzo ni za mama, hata kumi kwa wale wadogo kabisa kama Chihuahua, na wiki sita zinazofuata ni za mitaani, ijapokuwa kilebu atakuwa mikononi mwa mwenyewe na hatakanyaga vumbi.

Soko hili bado ni geni kwetu. Thika ya zamani ilimjua mbwa wa geti, anayelala kwenye kibanda na kula ugali uliobaki. Lakini tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, maghorofa yameota kutoka Kimbo na Kihunguro hadi Makongeni, na mpangaji wa chumba kimoja cha kulala hana ua wa kufugia German Shepherd. Ndipo wakaja Maltese, Shih Tzu, Chihuahua, na Japanese Spitz, huyo mweupe ambaye Wakenya wamempenda kupita kiasi. Wanauzwa kwa picha kwenye simu na mara nyingi hukabidhiwa mnunuzi kwenye steji, wakiwa ndani ya katoni iliyobebwa na bodaboda. Mnunuzi hamwoni mama wa kilebu, wala haoni mahali alikozaliwa.

Tuanze mwanzo kabisa. Kilebu huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio siku chache baadaye. Wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto, na mwili wake una nyuzi 35 au 36 hivi, ilhali mama yake ana 38 na zaidi. Udogo wa aina hizi huongeza tatizo, kwa sababu mwili unapopungua, eneo la ngozi halipungui kwa kiwango hicho hicho. Kilebu wa gramu mia moja na kitu ana ngozi nyingi ya kupoteza joto na nyama kidogo ya kulitengeneza. Akipoa, tumbo linasimama. Ukimnywesha maziwa katika hali hiyo, yatakaa tumboni bila kusagwa au yataingia kwenye mapafu. Mpashe joto kwanza, taratibu, ndipo umlishe.

Usiku wa Julai hapa Thika joto hushuka hadi karibu nyuzi 12, na sanduku la kuzalia linahitaji nyuzi 29 hadi 32 katika wiki ya kwanza. Wafugaji wa kuku tayari wana kifaa kinachofaa: ile taa ya kulelea vifaranga. Itundike juu ya kona moja tu ya sanduku, ili anayezidiwa na joto aweze kujisogeza. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa sitaki hata kulisikia. Hewa yake huua mbwa na mwenye mbwa kwa pamoja. Kifaa cha pili ni mizani ya jikoni. Kilebu mwenye afya huongezeka uzito kila siku, na karibu na siku ya kumi huwa maradufu ya alivyozaliwa. Anayepungua ni mgonjwa hata kama analia kwa nguvu. Na tumbo la mviringo msilichukulie kuwa shibe: minyoo humfikia kilebu akiwa bado tumboni, kisha tena kupitia maziwa, ndiyo maana dawa ya minyoo huanza wiki ya 2 na kurudiwa wiki ya 4, ya 6 na ya 8.

Kuanzia wiki ya tatu kazi inakuwa nyingine, nayo ndiyo wauzaji wetu wanayoikatiza. John Paul Scott na John Fuller walichunguza ukuaji wa mbwa kwa miaka mingi katika maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, na mwaka 1965 wakatoa kitabu ambacho fani yetu bado inakitegemea. Hawakutumia majibwa makubwa. Walilinganisha aina tano za wastani na ndogo, mojawapo ikiwa basenji, mbwa wa asili ya Kongo anayejulikana kwa kutobweka. Waliona kwamba kuna kipindi kinachoanza karibu na wiki ya tatu na kufifia karibu na wiki ya 12, ambamo ubongo wa kilebu hupokea kila kiumbe na kila jambo kama sehemu ya dunia yake. Kabla ya hapo, mwaka 1961, watafiti watatu, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya vilebu waliolelewa kwenye uwanja wenye uzio bila kushikwa na binadamu. Waliotolewa kwa wiki moja tu kuchezewa na watu, wakiwa na wiki tano, saba au tisa, waliweza kuzoea. Wale walioachwa hadi wiki ya 14 walimkimbia mtu kama wanyama wa porini.

Kuna watu wanaosoma matokeo hayo nusu nusu na kusema: basi nimchukue akiwa na wiki nne, anizoee mimi. Wanasahau kwamba katika wiki hizo hizo kilebu anajifunza kuwa mbwa. Akimuuma ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakwisha. Akimuuma mama chuchu, mama anamkoromea na kuondoka. Kutokana na karipio hilo linalorudiwa kila siku, kilebu hujifunza kupima nguvu ya meno yake na kuvumilia kunyimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Italia walilinganisha mbwa waliotengwa na mama wakiwa na siku 30 hadi 40 na wale waliotengwa wakiwa na siku 60. Waliotoka mapema walionekana zaidi kuwa waoga matembezini, wabwekaji, waharibifu wa vitu na walinzi wakali wa chakula. Ukifikiria kuta za maghorofa yetu, ambazo kikohozi cha jirani kinazipenya, utaelewa kwa nini mbwa wa aina hiyo humgombanisha mpangaji na keateka kabla mwaka haujaisha.

Hata kama tabia haikusumbui, sukari ya damu itakusumbua. Ini la kilebu wa kilo moja lina akiba ndogo mno ya sukari, misuli yake haina cha kukopesha, na ubongo wake, ambao ukilinganishwa na mwili ni mkubwa, unakula sukari hata akiwa amelala. Saa chache bila chakula, zikichanganyika na baridi au hofu, zinatosha kumwangusha. Mfuatano wake naujua kwa moyo. Kilebu ananunuliwa Thika Jumamosi, hakulishwa asubuhi ili asitapike garini. Anafika Ruiru mchana, watoto wanampokezana hadi jioni. Usiku anakataa chakula kigeni, analala peke yake jikoni kwa mara ya kwanza maishani. Jumapili asubuhi simu inalia.

“Daktari, ni kama amelewa. Anayumba.”

“Mama, alikula lini mara ya mwisho?”

“Jana, kidogo. Tulidhani ana huzuni tu.”

Huzuni anayo, lakini kinachomyumbisha ni sukari iliyoshuka. Kinachofuata ni degedege, na baadaye kifo. Mpake asali au glukosi kwenye ufizi kwa kidole, mfunike apate joto, halafu mlete kliniki bila kungoja kuona kama atapona. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Kinga yake ni rahisi: hadi afikishe miezi mitatu au minne, kilebu wa aina ndogo ale mara nne au tano kwa siku, mlo wa mwisho ukiwa kabla tu ya ninyi kulala, na siku kumi za mwanzo ale chakula kile kile alichokuwa akila kwa muuzaji. Maziwa ya ng'ombe, ambayo ndiyo huruma ya kwanza ya kila nyumba, hayamfai. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta karibu maradufu ya ya ng'ombe, ila sukari ya maziwa pungufu. Ukimpa ya ng'ombe unampunguzia chakula huku ukimwongezea cha kumharisha.

Nije kwenye tangazo linalosema mbwa ni wa kutoshea kwenye kikombe cha chai. Aina hiyo haipo. Hakuna chama cha kusajili mbwa kinachoitambua. Anayeuzwa kwa jina hilo ni mmoja wa watatu: aliyezaliwa mdogo kupita ndugu zake, aliyedumazwa kwa njaa na minyoo, au, na huyu ndiye ninayekutana naye zaidi, kilebu wa kawaida wa wiki tano anayesemekana kuwa na tisa. Fungua mdomo wake. Meno ya utoto huanza kuchomoza kati ya wiki ya tatu na ya sita, na kwa aina ndogo huweza kuchelewa kidogo. Asiye na meno ya nyuma hana wiki tisa hata kadi iseme nini.

Sidai kwamba wauzaji ni watu wabaya. Ninaelewa hesabu yao. Hadi wiki ya nne mama ndiye anayelisha. Kuanzia hapo anawachoka, vilebu wanakula kutoka mfukoni mwa mfugaji, na chanjo ya kwanza inakaribia. Kila wiki anayowaweka ni gharama, na mnunuzi naye anataka kadogo. Wote wawili wanavuta upande mmoja, na asiyekuwa na sauti ni kilebu.

Kosa la pili hutoka kwa watu waangalifu, na wakati mwingine hutoka kwetu madaktari. Tunamwambia mnunuzi asimtoe nje hadi chanjo zote ziishe. Sababu ni parvo, na parvo si ya kudharauliwa. Ugonjwa huu ulizuka duniani mwaka 1978, virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, huingia nyumbani kwa soli ya kiatu, na huvikwangua vifuko vya utumbo wa kilebu hadi anatapika na kuhara damu. Sabuni na spiriti haziviwezi. Klorini ya kufulia inaviweza, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, kwenye sakafu iliyosuguliwa kwanza na kuachwa na majimaji hayo kwa dakika kumi. Mayai mabichi, maziwa na vidonge vya binadamu ambavyo watu huwapa wagonjwa wa parvo haviui virusi hata kimoja. Kinachookoa ni maji ya mishipa na uangalizi, na hayo hayangoji kesho.

Chanjo inafanya kazi, ila wengi hawaelewi kwa nini hurudiwa. Kilebu hupokea kingamwili za mama yake kwenye dang'a, yale maziwa ya siku ya kwanza. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huishambulia chanjo na kuiua kabla haijamfundisha mwili wake lolote. Kwa kilebu mmoja huisha akiwa na wiki nane, kwa nduguye hudumu hadi karibu na 16, na kwa kumtazama tu hutaweza kumjua yupi ni yupi. Ndiyo maana tunaanza wiki ya sita hadi ya nane, tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na sindano ya mwisho ya mfululizo haiji kabla ya wiki ya 16. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia “ameshachanjwa” kwa sindano moja ya wiki sita hajasema uongo, na bado hajakuuzia kinga. Ongeza kwamba chanjo hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kilichonunuliwa dukani na kubebwa mfukoni juani hadi nyumbani kwa mfugaji kimebaki maji. Dai kadi yenye kibandiko cha chanjo pamoja na saini na namba ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Sasa linganisha kalenda hizo mbili. Chanjo zinaisha wiki ya 16, na kile kipindi cha kuzoea dunia kinafifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Anayengoja la kwanza likamilike amelipoteza la pili, na hakuna sindano ya kulirudisha. Mwaka 2008 chama cha Marekani cha madaktari wa tabia za wanyama kilisema waziwazi kwamba vilebu waanze kukutana na watu na mambo mapya wakiwa na wiki saba au nane, angalau siku saba baada ya chanjo ya kwanza, kwa kuwa matatizo ya tabia, kuliko magonjwa ya kuambukiza, ndiyo yanayoua mbwa wengi zaidi walio chini ya miaka mitatu. Kwetu tabia mbaya humfikisha mbwa barabarani, na barabara hizi tunazijua.

Hapa ndipo udogo unapokuwa neema. German Shepherd wa wiki kumi ni mzigo. Shih Tzu wa umri huo anaingia kwenye kiondo. Mbebe. Mpeleke steji ya Ruiru asikie makanga wakiita na honi zikigombana, akae mapajani mwako dakika tano, mrudi. Mpitishe Kamakis jioni moshi wa nyama ukitanda. Akae barazani mvua ikipiga mabati. Amwone soja wa geti mwenye kofia na koti refu, watoto wa shule wanaokimbia, mzee mwenye mkongojo, msukuma mkokoteni, mama aliyejitanda leso. Spika za kanisa la jirani zitakuja zenyewe. Aguswe masikio, miguu na mdomo kila siku na watu mbalimbali, kila mara akipewa kipande cha nyama. Asichofanya ni kukanyaga mahali wanapopita mbwa wa mtaa au kunusanusa kinyesi. Kilebu wa jirani aliyechanjwa na mwenye afya anaweza kuja kucheza naye sebuleni. Jambo moja tu la tahadhari: karibu na wiki ya nane hadi ya kumi woga huota mizizi haraka, kwa hiyo akikunja mkia na kujificha kwapani, sogea mbali na kelele, usimlazimishe “azoee.”

Baadhi ya hatari ni za hapa hapa. Thika kuna viwanda vya makadamia, na vipande vyake vimeingia kwenye biskuti na bakuli za sebuleni. Mbwa akizila miguu ya nyuma hulegea, hutapika na kutetemeka, na kwa mwenye kilo moja na nusu hazihitajiki nyingi. Kahawa na chokoleti ni sumu pia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, inayopimwa kwa macho ndani ya beseni, imenilipia bili za umeme mara nyingi kuliko ningependa: ile yenye amitrazi haifai kabisa kwa kilebu wa chini ya miezi minne, na Chihuahua huathirika nayo upesi kuliko wengine. Dawa yoyote ya aina hizi hupimwa kwa uzito, na kosa la nusu mililita lisilomsumbua mbwa wa kilo 25 linamuua huyu. Kisha kuna sofa. Mifupa ya mkono wa mbele wa mbwa wadogo ni myembamba na damu haifiki vizuri karibu na kifundo, hivyo mruko mmoja hadi kwenye tailsi huivunja, nayo huunga kwa shida. Weka kigoda cha kupandia. Kamba ya matembezi ifungwe kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni, maana koo lao hulegea.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Nimesikia mara nyingi kwamba mbwa wa ndani hahitaji chanjo yake kwa sababu hatoki. Lakini mlango wa ghorofa hufunguliwa mara ngapi kwa siku? Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na mbwa wa kilo mbili anahesabiwa kama wa kilo arobaini. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Kuhusu biashara yenyewe, ningependa mnunuzi alipe sehemu ya bei kilebu akiwa na wiki tano, na iliyobaki akiwa na wiki nane, akabidhiwe na chanjo mbili. Hapo zile wiki tatu za chakula zina mwenye kuzilipia, na muuzaji hana haraka. Wafugaji wachache wa Thika wanaofanya hivi hawakosi wateja. Wana orodha ya wanaongoja. Na mnunuzi aende mwenyewe kumwona mama. Akiambiwa mama yuko kwa rafiki au mashambani, arudi na pesa zake.

Kilebu akifika miezi sita, mfungue mdomo tena. Meno ya utoto ni 28, ya utu uzima 42, na kwa aina ndogo chonge za zamani mara nyingi hukataa kutoka, zikasimama sambamba na mpya na kunasa uchafu katikati. Zing'olewe, na zinaweza kung'olewa chini ya dawa ile ile ya usingizi ya kumfunga uzazi, jike kabla hajapata joto la kwanza, ambalo kwa wadogo huja mapema, mara nyingi kati ya miezi sita na tisa. Katika ziara hiyo hiyo apewe chanjo ya wiki ya 26, ambayo mwongozo wa 2024 wa chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo unaipendekeza ili kumwokota yule ambaye kingamwili za mama yake zilichelewa kuisha.